Mbwa Ambaye Hakugawiwa

Mwaka huu tulipomzika dada yangu Filomena kule Lundo, ukingoni mwa ziwa, sikulia. Watu waliliona jambo hilo na kulisema, nami niliwasikia, kwa kuwa jiko la msibani lilijengwa kwa mabua na maneno hupita katika mabua kama moshi. "Ndugu wa tumbo moja, na jicho kavu hivyo!" alisema mmoja huku akisonga ugali. Mwenzake akamjibu, "Hao wa milimani wamezoea baridi, mama. Hata machozi yao huganda." Wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kufunika mdomo kwa kanga. Sikuwalaumu. Mimi ni mtu mkavu. Wajukuu zangu wote wanalijua hilo, na Imelda, anayeyaandika maneno haya ninapoyasema, analijua kuliko wote. Lakini siku ya pili mzee mmoja wa upande wa mume wa dada, Mzee Kandidi, alivuta kigoda akaketi karibu nami, akanijulia hali, kisha akauliza jambo ambalo sikulitazamia kabisa: "Shemeji, yule mbwa wa marehemu Bosko mliyepanda naye milimani, aliishia wapi?" Nilichukua ndoo nikashuka ziwani kuteka maji ambayo hakuna aliyeyahitaji, nikasimama huko hadi miguu ikafa ganzi. Katika umri wangu wote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za mbwa yule, wala mimi sikuwahi kuzisimulia, kwa sababu kwetu mbwa hana habari.

Mwaka ninaousimulia siujui kwa tarakimu, maana darasani sikuingia. Ninaujua kwa mambo yake. Ni mwaka ambao ghala la chama cha ushirika pale kwetu Mkumbi lilifungwa kwa kufuli na nyasi zikaota mlangoni, na malori ya wanunuzi binafsi yakaanza kupanda kuja kutafuta kahawa, kila lori na bei yake na mzani wake. Redio ya jirani ilisema kila siku, soko huria, soko huria, na vijana walilitamka neno hilo kama jina la mgeni ambaye amekwisha kufika kijiji cha pili. Mimi nilikuwa bibi arusi wa juzi katika nyumba ya watu. Mume wangu Kasiani alikuwa mpole, mama yake hakuwa mpole, na bibi arusi wa wakati huo hakuongea, alijibu. Alijibu "Naam, mama" na "Bado, mama" na "Nimekwisha teka, mama", kisha akalala. Naliweka hili mbele ili msomaji aelewe kwa nini mnyama mmoja aliweza kuchukua nafasi kubwa namna ile.

Bosko, mume wa dada, alikufa kiangazi cha mwaka huo kwa homa, nasi tukashuka Lundo kuzika. Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo wake walikaa uani kugawa vitu vya marehemu, kama desturi ilivyo. Nyavu zilimpata mdogo wake. Mtumbwi ulimpata mwana wa kaka yake. Karabai, blanketi, kasia, hata kofia yake ya ukili iliyotoboka, kila kitu kilitajwa kwa sauti na kila kitu kikapata mtu. Wakati huo wote mbwa wake alikuwa amelala juu ya udongo mbichi wa kaburi, nyuma ya vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwani. Alikuwa mbwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limechanika, na jina lake lilikuwa Waseme. Bosko alimwita hivyo ili kila anapomwita, majirani wenye midomo mirefu wasikie. Usipa ulikuwa umeanikwa karibu na pua yake naye hakuugusa. Kazi yake ilikuwa moja: kila alfajiri aliinua kichwa akalia, sauti ndefu isiyokuwa ya kubweka, na watu waliokuwa wamelala msibani wakajifunika masikio. Wazee walisema mbwa anayelia kaburini anamwita maiti wa pili. Kwa hiyo, ugawaji ulipokwisha, Kandidi, aliyekuwa kijana wa mabega mapana wakati huo, aliinuka akachukua mpini wa jembe na kuelekea kaburini.

Sijui niliutoa wapi ulimi. Nilikuwa nimeketi na wanawake, nikipepeta mchele wa watu, nami nikasema kwa sauti, "Samahani, wazee wangu. Huyo naye ni mali ya marehemu. Mbona hajagawiwa?" Dada yangu, aliyekuwa amefunikwa shuka la ujane, alinibana paja. Nikaendelea kwa kuwa nilikuwa nimekwisha anza: "Mali ya marehemu haiharibiwi kabla ya kupata mwenyewe. Ndivyo tulivyofundishwa." Mzee aliyekuwa akisimamia ugawaji alinitazama, akamtazama Kasiani, akauliza, "Bwana, mkeo huongea hivi hata nyumbani?" Kasiani akasema, "Hapana, mzee. Leo ndiyo mara ya kwanza namsikia." Hapo watu wakaangua kicheko, wakasahau kwamba walikuwa msibani. "Basi na achukue yeye!" mzee akasema. "Wamatengo wa milimani wamekuja kuzika, wamerithi mbwa!" Kandidi akauegemeza mpini ukutani, akanifungia Waseme kwa kipande cha kamba ya wavu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifunga.

Tulipanda kurudi kwetu kwa miguu, njia ya msituni, safari ya kulala njiani. Katika msitu ule, kati ya ziwa na milima, mbung'o walitufuata kama waliotumwa. Tulijipiga kwa matawi, Kasiani akinipiga mgongoni na mimi nikimpiga shingoni, tukacheka, maana hatukuwahi kupigana kabla ya hapo. Waseme alitikisa masikio na kujilamba. Ninaikumbuka safari ile kuwa ya furaha, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kwamba furaha na msiba vilipita njia moja, bega kwa bega, nasi tukakiona kimoja tu.

Mama mkwe alimpokea kwa kusema, "Nilidhani mtaleta samaki." Akaweka sheria papo hapo: mbwa asiingie jikoni, asipewe chakula katika chombo cha watu, asiitwe jina kama mtu. Waseme alizishika sheria hizo kuliko mimi. Alilala nje ya kizingiti cha jiko, pua yake ikiishia hasa pale sakafu ya ndani inapoanzia, na mama mkwe alipogeuza mgongo alisogeza pua ndani kidogo, alipogeuka akairudisha. Nilikuwa nikimtupia ukoko wa ugali wenye mchuzi wa maharage kupitia dirisha la nyuma, naye aliudaka bila kutoa sauti. Alinisindikiza kisimani, shambani, na Jumapili kigangoni, ambako alikaa chini ya ukingo wa paa hadi Misa iishe. Njiani nilianza kumsemesha. Kwanza nilimsemesha kuhusu kuni, kisha kuhusu mama mkwe, kisha kuhusu mambo ambayo hata Kasiani sikumwambia. Sauti yangu mwenyewe niliifahamu mwaka ule. Kabla ya hapo sikujua kwamba ni nzito.

Mvua zilipoanza, kazi ya kupulizia kahawa ikaanza. Zamani mrututu, dawa ya kukinga mibuni na ugonjwa, ulitoka ghala la chama, katika mifuko yenye chapa, na karani alikuja kueleza namna ya kuuchanganya. Mwaka ule Kasiani aliununua sokoni kwa mchuuzi, umefungwa katika karatasi za nailoni zisizo na maandishi, rangi ya samawati iliyokoza kupita ule tuliouzoea. Aliuchanganya katika pipa mbele ya nyumba, akajaza bomba la mgongoni, akapulizia mibuni iliyotuzunguka, na kila kitu kikawa na vumbi la samawati: majani, mikono yake, ukingo wa pipa, manyoya ya Waseme aliyemfuata mstari kwa mstari. Haikupita muda mrefu nikaona macho ya mbwa yamebadilika. Yalikuwa ya kahawia. Sasa utando ulikuwa umeyafunika, na utando huo ulikuwa wa samawati. Nilimwita Kasiani. Alichuchumaa, akamshika taya, akatazama, kisha akageuka kulitazama pipa. "Mrututu wa chama haukuwahi kupofusha kitu," mama mkwe alisema kutoka mlangoni. "Hilo ndilo soko huria lenu. Mmeuziwa sumu, na sumu imeingia machoni."

Nani angesema vinginevyo? Mwaka huo kila kilichoharibika kilikuwa na mtu wa kumlaumu, na mtu huyo alikuwa mchuuzi. Tuliamini kwa moyo wote, na tuliyoyatenda baada ya hapo tuliyatenda kwa sababu tuliamini. Tulimwosha macho kwa maji ya chumvi. Tulimfungia upande wa pili wa nyumba, mbali na pipa. Mwishowe Kasiani akafanya jambo ambalo wanaume wa Mkumbi walilizungumza msimu mzima: aliacha kuipulizia mibuni yote iliyo karibu na nyumba. Jirani yetu Gervasi alisimama kwenye ukingo wa shamba na kumwita, "Kasiani! Ni kweli umeuachia ugonjwa wa chulebuni kahawa yako kwa ajili ya mbwa?" Kasiani akajibu, "Kahawa haijanisindikiza kigangoni hata siku moja." Gervasi akatikisa kichwa. "Ungekuwa na mtoto ningekuelewa." Nami nilikuwa ndani, nikichambua mboga, nikaendelea kuichambua hata baada ya kubaki vikonyo vitupu.

Mama mkwe aliyetunga zile sheria ndiye aliyekwenda mbali kuliko sisi. Katika kijiji chetu ilijulikana kwamba jicho lenye utando hutibiwa kwa maziwa ya mama anayenyonyesha. Asubuhi moja alijifunga kanga, akaenda kwa mke wa Gervasi, aliyekuwa na mtoto mchanga, akaketi, akasema macho yanamsumbua. Nililisikia hili baadaye kwa mke wa Gervasi mwenyewe. "Mama, njoo nikutonee hapa hapa," alimwambia. Mama mkwe akasema, "Hapana, mwanangu, nitie katika kikombe, mimi hutonea jioni, baada ya sala." Akarudi na kikombe amekifunika kwa jani la mgomba, akapiga magoti uani, akamshika Waseme kichwa katikati ya mapaja yake, akamtonea jicho hili na jicho lile. "Tulia," alimwambia. "Tulia, Waseme. Nimekwisha sema uongo kwa ajili yako." Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akimwita jina. Aliponiona nimesimama mlangoni alisema kwa ukali, "Unatazama nini? Maharage yanaungua." Tulikwenda kuomba maziwa tena na tena, hadi mke wa Gervasi akagundua, akapiga kelele iliyosikika hadi barabarani, "Maziwa ya mwanangu! Kwa mbwa!" Kisha akacheka hadi akaketi chini. Kesho yake alituletea kikombe mwenyewe.

Hakupona. Alikonda, shingo ikavimba, akawa anaketi ghafla njiani kama mzee aliyesahau aendako. Ndipo mimi nikatoa shauri, na wote wakaliona kuwa jema: apelekwe Lundo kwa dada, mbali na mrututu, akapate upepo wa ziwa na vichwa vya samaki. Kasiani akashuka naye. Tulimpitisha msitu ule ule. Akakaa kwa dada hadi mwisho wa mvua za mwanzo, Kasiani akamfuata, akampitisha tena. Aliporudi alikuwa haoni kabisa. Aliingia uani akinusa ardhi, akagonga pipa, akalizunguka, akanijia pale nilipokuwa, akaweka kichwa juu ya mguu wangu. Dada alikuwa ametuma usipa mkavu na maneno: "Mwambieni mdogo wangu kwamba tulimlisha vizuri. Hakulia hata siku moja."

Siku chache baadaye bwana mifugo alipita akielekea Kitura. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliyevaa buti za mpira, ameikalia pikipiki isiyo na mafuta ambayo watoto walikuwa wakiisukuma. Tulimwamkia, tukamketisha, tukampa togwa, tukamwonyesha mbwa. Kasiani alimweleza habari zote za mrututu. Yule kijana alimpima Waseme shingo, akamfunua fizi, zilikuwa nyeupe kama karatasi, kisha akauliza swali moja tu: "Huyu mbwa amepita msituni, kule kwenye njia ya ziwani?" Tukasema ndiyo, ametokea huko, na tumempeleka tena akapumzike. Bwana mifugo aliweka kikombe chini. "Baba, mrututu hauna kosa. Hii ni nagana. Mbung'o ndiye anayeitia. Kwa mbwa hupanda machoni, macho huwa ya samawati hivi hivi." Kasiani aliuliza dawa. Akasema dawa ipo, tena ni sindano ndogo. Zamani ilikuwa inaletwa wilayani na yeye anagawa. Sasa kabati lake lina daftari na sabuni, na dawa iko kwa wenye maduka, Songea huenda, kama ipo. "Na hata ikipatikana leo," alisema, akiwa bado amemshika mbwa sikio lililochanika, "kwa hapa alipofika, ningekuwa nawadanganya." Mama mkwe alimwuliza, "Kwa hiyo maziwa?" Kijana hakuelewa. "Maziwa gani, bibi?" Mama mkwe akasema, "Basi. Kunywa togwa yako."

Nimeyawaza maneno ya bwana mifugo kwa muda mrefu wa maisha yangu. Mjukuu wangu ananiambia kwamba siku hizi mtu akitaka kujua jambo huliuliza kwenye simu. Sisi tulikuwa na macho ya mbwa na tulikuwa na pipa, vyote vya rangi moja, na tulikuwa watu wenye akili. Tulimpenda kwa bidii, na bidii hiyo ndiyo iliyomrudisha msituni. Sitafuti mtu wa kunisamehe kwa hili, maana hapana aliyekosa. Lakini mtu anapokosa nguvu huku akiwa hana kosa, hana hata toba ya kufanya. Hubaki ameketi.

Nasi tuliketi. Alikufa mwanzoni mwa kilimo cha ngolo. Kwa wasiojua kilimo chetu: mteremko hufyekwa, nyasi zikalazwa katika miraba, kisha udongo ukachimbwa kutoka katikati ya kila mraba na kufunikwa juu ya nyasi zile, hubaki mashimo mfano wa sega la nyuki, yanayoyashika maji ya mvua, na matuta yenye nyasi zinazooza ndani ndiyo yanayopandwa maharage. Waseme alikuwa ametufuata shambani kwa kusikiliza majembe yetu, akalala katika shimo ambalo nilikuwa nimelimaliza, penye kivuli. Nilikuwa nalima na kumsemesha. Nilimwambia mvua itanyesha mchana. Nilipogeuka kumwangalia, ubavu wake haukuwa ukipanda.

Kasiani alikuja. Mama mkwe, aliyekuwa akilaza nyasi chini yetu, alikuja pia. Mimi nilifumbua kinywa, na mama mkwe akakiziba kwa kiganja chake chenye udongo. Hakukiziba kwa ukatili. "Usilie," aliniambia. "Anayemlilia mbwa hukiita kilio nyumbani, na wewe hujazaa bado. Usikiite." Mizoga ya mbwa ilikuwa inatupwa korongoni, hilo nalo lilikuwa desturi. Juu ya mteremko wa pili watu walikuwa wakilima, wakituona waziwazi kama tulivyowaona. Mama mkwe aliinua macho akawatazama, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kasiani, shimo hilo liwe tuta. Laza nyasi." Kasiani akalaza nyasi. Akazilaza nyingi kuliko zinavyohitajika, kwa uangalifu, kama anayetandika kitanda. Mama mkwe akaongeza zake. Kisha tukafunika udongo, sote watatu, kwa majembe yetu, na mtu yeyote aliyetutazama kutoka ng'ambo aliona familia inalima. Tulilima hadi mvua ikaja. Jioni tulikula kande, na kwenye kizingiti cha jiko pakabaki pengo pana kuliko mlango wenyewe.

Maharage ya mwaka ule yalizaa sana. Wakati wa kuvuna tulishuka mteremko, mama mkwe mbele, akang'oa tuta kwa tuta. Alipofika pale alipita, akaendelea na tuta linalofuata. Kasiani naye akapita. Nami nikapita. Yale maharage yalikaukia pale pale, yakapasuka, yakaota yenyewe mvua iliyofuata. Mama mkwe amekwisha kufa, na Kasiani amekwisha kufa, nami nimewazaa watoto waliozaa wajukuu, na jambo hilo halikuwahi kutajwa katika nyumba yetu hata kwa neno moja.

Kwa hiyo, kule Lundo, asubuhi ya kuondoka, nilimfuata Mzee Kandidi alipokuwa ameketi nyuma ya vichanja vya usipa, si mbali na kaburi la Bosko na hilo jipya la dada. Nilisema, "Shemeji, uliuliza." Nikaanza kumweleza. Nilifika kwenye macho, nikafika kwenye maziwa, naye akatabasamu. Nilipofika kwenye nyasi sauti yangu ilikatika, na kile kiganja cha udongo nilichokuwa nacho kinywani tangu ujana kikaanguka. Nililia kwa sauti ndefu, mbaya, isiyokuwa ya mtu wa umri wangu. Wanawake walitoka jikoni mbio wakanizunguka, wakanishika mabega. "Afadhali," walisema wao kwa wao. "Afadhali sasa amemlilia dada yake. Mwacheni alie." Sikuwasahihisha. Mzee Kandidi peke yake ndiye aliyejua. Aliinuka kwa shida, akaenda uani akiegemea ukuta ule ule alikouegemeza mpini wa jembe mwaka ule, akaniletea maji katika kikombe, akasimama mbele yangu akikishika kwa mikono miwili hadi nilipomaliza kulia.